Si kila mwenye hasira anafaa kuketi katika kikundi

Kikundi cha kuwasaidia watu kutawala hasira kikifunguliwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, iwe mtaa wa Katindo, Ndosho au Majengo, wa kwanza kuletwa huwa ni wale ambao watu wamewachoka. Bibi anamleta bwana yake. Mchungaji anamtuma mwamini wake. Shefu wa avenyu, kiongozi wa wakazi wa barabara moja, anaandika majina ya vijana wanaopigana kila Jumamosi, na motari, waendesha pikipiki za abiria, wanamsukuma mbele mwenzao aliyempiga abiria kwa ajili ya franga 500. Wote wanaingia kwenye karatasi moja, na sababu iliyoandikwa mbele ya kila jina ni ileile: hasira. Mshauri ana viti 10, shirika linalolipa linasubiri orodha, na mkutano wa kwanza ni Jumanne. Anawaingiza wote.

Kazi huanza kuharibika hapo, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Nimeona kikundi kilichochaguliwa kwa makini kikimrudisha mtu nyumbani akiwa baba ambaye watoto hawamkimbii tena. Nimeona pia kilichojazwa ovyo kikimpa mwenye kupiga mke maneno mapya ya kujitetea. Tofauti kati ya viwili hivyo haikuwa ufundi wa kuongoza mikutano. Ilikuwa mazungumzo ya saa moja au mbili kabla ya mkutano wa kwanza, mtu na mshauri wake, mlango umefungwa.

Tiba yenyewe inafaa. Raymond Novaco, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1975 mpango ambao hadi leo ndio mfupa wa vikundi vingi: mtu anajifunza kutambua kinachomchokoza, kusoma dalili za mwili wake, kulihoji wazo la kwanza linalomjia, kisha kufanyia mazoezi jibu lingine mbele ya wenzake. Mwaka 1998 Beck na Fernandez walikusanya tafiti 50 za tiba ya aina hiyo, zenye watu 1,640, wakakuta kwamba aliyetibiwa, kwa wastani, alikuwa na hali nzuri kuliko asilimia 76 ya wasiotibiwa. Hata hivyo Kevin Howells, Andrew Day na wenzao walipofuatilia programu fupi za hasira katika magereza ya Australia, faida waliyoiona ilikuwa ndogo. Waliobadilika zaidi ni wale walioingia wakiwa tayari kubadilika. Wengine walikuwa wamewekwa tu.

Kwa hiyo mshauri anatazama nini?

Mwenye uzoefu haanzi kwa kuuliza, "Una hasira?" Swali hilo watu hulijibu "hapana" kwa aibu, au "ndiyo" kwa kuwa wamesikia ndilo jibu linalofungua mlango. Anasema: "Papa, unieleze mara ya mwisho ilipotokea. Ilikuwa siku gani? Mulikuwa wapi? Nani alikuwepo?" Kisha anafuata kila hatua: nini kilitangulia, moyo ulianza kupiga lini, wazo gani lilipita kichwani, mkono ulifanya nini, nani alilia, nani aliokota vyombo, na kesho yake asubuhi watu walisemeshanaje. Baadaye anauliza yale ambayo Novaco alisisitiza: hutokea mara ngapi, hupanda kwa upesi gani, huwa kali kiasi gani, hukaa muda gani, na hutoka kwa njia ipi. Kuna anayewaka na kuzima dakika hiyohiyo, na kuna anayenyamaza siku tatu akihesabu. Wote wawili wana hasira, lakini hawahitaji mazoezi yaleyale.

Katika simulizi hiyo ya mara ya mwisho ndimo jambo kubwa kuliko yote hujitokeza, nami nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi.

Chukua wanaume wawili. Wa kwanza ni motari wa Birere. Anagombana na abiria, na mwenzake kwenye foleni ya mafuta, na mtoto wake, na bibi yake, hata na polisi wa barabarani, na kwa polisi huyo ameshalipa faini na kulala ndani. Akisimulia, mikono inamtetemeka. Anajua amepoteza wateja. Anasema, "Inanipandaka tu, na nikishamaliza ninasikia haya." Wa pili ana duka. Wateja wanamsifu kwa upole. Mtoza kodi akija kumtukana mbele ya watu, anatabasamu na kuleta kiti. Usiku anafunga mlango na kumpiga mkewe kwa sababu simu yake ilikuwa imezimwa saa 10 mchana. Akiulizwa, anajibu kwa utulivu: "Hapana mama, miye siko na shida. Ni bibi ndiye anapendaka kunitafuta."

Wa kwanza hasira inamshinda. Wa pili ameitawala mchana kutwa, mbele ya kila mwenye nguvu, akaifungulia mahali ambapo hakuna wa kumwadhibu. Ukimfundisha huyu kupumua polepole na kuhesabu hadi kumi, hujagusa kinachomsukuma, kwa maana yeye hupiga ili atiiwe. Na umemwongezea silaha: sasa atamwambia mkewe, "Niko kwenye matibabu, daktari amesema usinichokoze." Mke atavumilia miezi mingine, akingoja programu imponye.

Ndiyo maana katika nchi nyingi wanaotumia nguvu kwa wenzi wao hawapelekwi kwenye kikundi cha kawaida cha hasira. Sheria ya California, jimbo la Marekani, inadai wiki 52 za programu iliyotengwa kwa ajili yao, ambamo mazungumzo ni juu ya mamlaka, udhibiti na kuwajibika. Sisi huku Kivu tuna somo letu wenyewe. Shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee) liliendesha vikundi vya wanaume katika vijiji vya Kivu Kaskazini na Kusini, wiki 16 kila kikundi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wanaume walibadilisha maoni yao kuhusu usawa na wakashika zaidi kazi za nyumbani. Lakini wake zao walipoulizwa juu ya vipigo, tofauti kati ya vijiji vyenye programu na visivyo nayo haikuwa ya kutosha kusema kwamba ukatili umepungua. Kama programu iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya ukatili wa nyumbani ilipata shida hiyo, kikundi cha hasira cha mikutano 12 kisiahidi kitu.

Hivyo mshauri anauliza waziwazi: hasira hii humpata nani, na nani haimpati kamwe? Panapo mke au mchumba, mwingine wa timu azungumze naye peke yake, siku nyingine, mahali pengine, na maneno yake yasirudi kwa mume hata kwa kidokezo. Aulizwe juu ya silaha nyumbani, juu ya vitisho vya kuua, na juu ya kukabwa koo. Kukabwa koo ni dalili ambayo watu wetu huisema kwa wepesi, "alinikamata shingo kidogo", lakini utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara 7 kuliko yule ambaye hakukabwa. Hapo suala la kiti katika kikundi linawekwa kando kabisa. Kazi ya siku hiyo ni usalama wa mama na watoto.

Jambo la pili linalohitaji subira ni vita. Mtu wa Goma mwenye miaka 40 ameona mengi: wakimbizi na kipindupindu cha 1994, vita vya 1996, lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji Januari 2002, mji kutekwa Novemba 2012, volkano tena Mei 2021, mapigano ya Januari 2025. Mwili uliopitia hayo unaweza kubaki macho usiku na mchana. Mlango ukigongwa kwa nguvu, anarusha ngumi kabla hajajua ni nani. Hasira ya namna hiyo ni mlinzi ambaye hajaambiwa kwamba zamu imekwisha. Inaambatana na ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa barabara fulani, kuona picha za siku ile. Mshauri asipouliza juu ya usingizi na ndoto, ataiona ngumi tu.

Je, mtu huyo aingie kikundini? Inategemea. Tiba ya kikundi kwa waliojeruhiwa na vita si ngeni kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa na wanawake 405 wa vijiji vya mashariki mwa Kongo waliofanyiwa ukatili wa kingono, ulionyesha kwamba tiba ya kikundi iliyopangwa vizuri ilipunguza huzuni na kiwewe kuliko usaidizi wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Wanawake hao walipimwa kwanza, na wote walikuwa wamekuja kwa jeraha linalofanana. Kikundi cha hasira ni chombo kingine. Humo mtu mmoja akianza kusimulia waliyomfanyia kule Masisi, na jirani yake kwenye kiti ni mtu wa Rutshuru, eneo jingine la vita, aliyepoteza ndugu, mkutano unaweza kuwageukia wote. Kama kumbukumbu ndizo zinazowasha hasira, atibiwe kumbukumbu kwanza au sambamba, akiwa na mshauri wake peke yake, ndipo kikundi kimsaidie.

Kwa waliowahi kubeba silaha kuna swali moja zaidi, na wengi wetu tunaogopa kuliuliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, waliofanya kazi na wapiganaji wa zamani hapa mashariki, waliandika wazi kwamba kwa baadhi yao kupiga na kuua kulifika mahali pa kuleta raha, hata hamu. Hasira inayoelezwa katika vitabu vya kawaida inamuumiza mwenyewe, naye anataka iondoke. Hamu hiyo haiumizi, inakumbukwa kwa tabasamu. Ukimkalisha mtu wa namna hii na vijana wanaomstahi, atakuwa mwalimu wao. Watafiti hao walimsaidia kila mmoja kuyasimulia maisha yake kwa mpangilio, mabaya aliyotendewa pamoja na yale aliyotenda na kuyafurahia. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, na haianzi mbele ya umati.

Kuhusu mwili nitapita haraka, ingawa wengi huusahau. Mtu aliyekuwa mpole akabadilika ghafla aende kituo cha afya kabla ya kwenda kikundini. Ajali za pikipiki ni nyingi mjini, na kichwa kilichogonga mawe ya lava upande wa mbele kinaweza kupoteza breki zake: uliza kama alizimia, kama tangu siku ile anasahau. Uliza juu ya kifafa na dawa zake, kwa kuwa fenobabitali huweza kumfanya mtu awe mkali, hasa mtoto. Anayeongea upesi bila kulala siku nne, mwenye mipango mikubwa na ugomvi na kila mtu, au anayesikia sauti zikimwamuru, apelekwe kwa wauguzi wa akili, kama wale wa kituo cha Tulizo Letu hapahapa Goma. Anayefikiria kujiua asiachwe kungoja Jumanne. Na mnywaji wa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, au kasiksi, pombe ya ndizi, hafukuzwi kwa kuwa mnywaji. Swali ni kama anaweza kufika akiwa hajalewa. Aliyezoea kunywa kutwa, asiambiwe aache ghafla peke yake, maana kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta degedege. Asindikizwe hospitalini.

Sasa utayari. Wengi hudhani aliyelazimishwa hafai. Si kweli kila mara. Karibu kila mtu anayekuja kwa ajili ya hasira amesukumwa na mwingine, na kusukumwa kunaweza kuwa mwanzo halali. Kinachotazamwa ni kama, ndani ya mazungumzo, anaweza kutaja hata hasara moja inayomuuma yeye mwenyewe: "Binti yangu anajificha nikiingia." Je, anaweza kusema tendo moja kwa kinywa chake, "nilimpiga", bila kulifunika kwa "alinifanya nimpige"? Kama leo hawezi, mshauri asikate tamaa. Apange mazungumzo mawili au matatu ya peke yake, ya kumsaidia aone anachopoteza, kisha amwulize tena. Nimewaona watu waliogoma mwezi wa kwanza wakaja wenyewe mwezi wa tatu.

Hapa mjini kuna kitu kingine kinachovuruga kipimo cha utayari: pesa ya transpo, yaani nauli. Mashirika yamezoea kutoa kitu kidogo kwa anayehudhuria, na mtu mwenye njaa hatakosa kujiita mwenye hasira ili alishe watoto. Simlaumu hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba chakula na tiba visitolewe kwenye dirisha moja. Mwambie mtu mapema, kabla ya swali lolote, kama transpo ipo au haipo, na kwamba msaada mwingine wa shirika hautegemei jibu lake.

Na kuna hasira ambayo si ugonjwa. Mwalimu ambaye hajalipwa miezi mingi, mama aliyerudi kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake, akakuta mwingine amejenga, hao wamekasirika kwa haki. Kama hawampigi mtu na hawajiharibu, mahali pao ni kwa mwanasheria, kwa chama chao, kwenye baraza. Kuwaita "wagonjwa wa hasira" na kuwafundisha kupumua ni kuwaambia kwamba tatizo ni wao. Mshauri anayemwandikisha mtu kama huyo amekwisha kuchagua upande, ajue au asijue.

Halafu kuna kipimo ambacho hakipo kwenye karatasi yoyote ya maswali iliyotoka Ulaya: nani ataketi na nani. Mtu anaweza kufaa kabisa, kikundi nacho kikafaa kabisa, lakini vikakataana. Usimweke mkwe na baba mkwe wake chumba kimoja. Kwa mila zetu nyingi kijana hawezi kumtaja bibi yake vibaya mbele ya mzazi wa bibi huyo, naye mzee hawezi kukiri mbele ya mkwe kwamba alimrushia mkewe kiti. Watanyamaza wiki 12. Vivyo hivyo shefu wa avenyu na watu wa avenyu yake, mchungaji na waamini wake, mwenye nyumba na mpangaji wake, wawili wenye kesi ya mpaka wa parseli. Muzee mmoja kati ya vijana tisa hawezi kukosolewa, na vijana hawatasema ukweli mbele yake. Mwanamke mmoja kati ya wanaume tisa atageuka mama wa kikundi au mshtakiwa wa kikundi. Wanawake wenye hasira wapo, wengi, na huletwa mara chache kwa sababu hasira yao huishia kwa watoto na kwa mfanyakazi wa nyumbani, ambao hawana wa kumlalamikia. Wastahili kikundi chao.

Uliza pia lugha. Kiswahili kinatuunganisha mjini, lakini wapo wanaokitumia sokoni tu, na mambo ya ndani wanayasema kwa Kinande, Kinyarwanda au Kihunde. Asiyeweza kusimulia ugomvi wake kwa lugha ya kikundi atakuwa msikilizaji daima.

Vijana wanataka uangalifu wa pekee. Mwaka 1999 Thomas Dishion na wenzake walionyesha, kwa tafiti za Marekani, kwamba kuwakusanya vijana wakorofi pamoja kunaweza kuwaongezea ukorofi, kwa sababu kila kicheko cha mwenzake ni malipo. Ukiwakusanya maibobo (watoto wa mitaani) kumi wa eneo moja la soko na kuwaomba wasimulie ugomvi wao, umewajengea jukwaa. Afadhali wawili watatu kati ya vijana watulivu, au kazi na familia na mlezi mmoja mmoja.

Karatasi za maswali zenye namba zina nafasi yake, hasa kulinganisha mwanzo na mwisho. Kile kipimo cha Spielberger, kinachotenganisha hasira ya sasa na tabia ya kukasirika kwa jumla, kinajulikana duniani kote. Lakini alama ya juu haimwambii mshauri kwamba mtu anafaa kikundini. Mwenye duka wetu atapata alama ya chini na kukusalimu kwa heshima akitoka.

Baada ya yote hayo, wanaobaki huwa ni wale ambao hasira yao inawashinda mahali pengi, inawagharimu na wanalijua hilo, akili yao inaweza kufuata mkutano wa dakika 90, hawamweki mtu katika hatari ya karibu, na hawana adui wala mkwe chumbani. Wakiwa 8 inatosha. Wakiwa 6, anza na 6. Mwishoni mwa mkutano wa tatu mshauri amrudie kila mmoja peke yake, kwa kuwa wapo wanaojificha vizuri katika mazungumzo ya kwanza.

Wale waliobaki nje wasiondoke na neno "hapana" peke yake. Mwenye ndoto za vita atajiwe mshauri wa kiwewe na njia ya kufika kwake. Bibi wa mwenye duka aonyeshwe nyumba ya kusikiliza, mahali pa kuwapokea wanawake waliofanyiwa ukatili, iliyo karibu, bila karatasi ambayo mume anaweza kuikuta mfukoni. Mnywaji aliyeombwa kwanza kushughulikia pombe apewe tarehe ya kurudi, saa, na jina la mtu atakayempokea.